Walioibiwa ni akina nani?

Tulikuwa msibani Mtwara, chini ya turubai, ile saa baada ya chakula ambapo wanaume husogeza viti na mazungumzo yakaanza kutanga. Kijana mmoja alikuwa anaperuzi simu. Akasoma kwa sauti kwamba Manuel Chang, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Msumbiji, amehukumiwa New York kifungo cha miaka minane na nusu katika kesi ya mikopo ya siri ya nchi yake.

Mjomba wangu alikuwa amekaa nasi. Ni mtu wa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, na amekuwa huku kwetu tangu mji wao uliposhambuliwa Machi 2021. Alisikiliza, hakusema kitu.

Nikataka kumwongezea habari njema. Nikamwambia, "Mjomba, hata benki yenyewe imelipa. Credit Suisse ya Uswisi, iliyokopesha, ilitozwa karibu dola milioni 475."

"Zimefika Maputo?"

"Hapana. Zilikwenda kwa mamlaka za Marekani na Uingereza."

Akanitazama. "Kwani walioibiwa ni Wamarekani?"

Mtu akaja kuaga, kahawa ikapita, maongezi yakahamia kwenye bei ya korosho. Swali halikuhama. Wiki zimepita nikiwa nasoma hukumu, ripoti za wakaguzi na matamko ya wasimamizi wa masoko ya fedha, natafuta namna ya kumjibu mzee yule bila kumdanganya.

Kinachonisumbua ni kwamba jibu la kisheria, kwa sehemu kubwa, ni ndiyo.

## Fedha ambazo hazikutua

Kesi ya madeni yaliyofichwa ya Msumbiji mnaijua, sitaisimulia yote. Kampuni tatu za serikali: ProIndicus, EMATUM na MAM. Mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2, kati ya 2013 na 2014, kutoka Credit Suisse na benki ya Urusi, VTB. Dhamana za serikali zilizosainiwa na Chang bila idhini ya Bunge. Wananchi waliahidiwa ulinzi wa pwani, uvuvi wa jodari na karakana za meli.

Kuna kipande kimoja ambacho habari hukipita haraka mno. Mikopo ile haikuingia hazina ya Msumbiji. Benki zilituma fedha moja kwa moja kwa Privinvest, kampuni ya kujenga meli iliyopewa kazi yote. Aliyeandikwa mdaiwa alikuwa Msumbiji, aliyepokea fedha alikuwa mwingine. Boti zilikuja kweli: 24 za uvuvi, zilizojengwa Cherbourg, Ufaransa, zikaishia kufungwa bandarini Maputo na kuota kutu. Wakaguzi wa Kroll walipopitia hesabu mwaka 2017 waliona kwamba bei ya vitu na huduma zilizonunuliwa ilikuwa imezidishwa kwa zaidi ya dola milioni 700, na kwamba dola milioni 500 hazikuwa na maelezo ya kuridhisha.

Sasa jiweke kwenye kiti cha aliyekopesha. Mteja wako ni taifa maskini. Kampuni zinazokopa zimeundwa juzi, hazijavua samaki hata mmoja, na anayeziongoza ni ofisa wa idara ya usalama wa taifa. Zabuni haikushindanishwa. Fedha haziendi kwa mkopaji.

Mama lishe akienda kuomba mkopo wa mtaji ataulizwa mauzo yake ya siku, ataulizwa dhamana, atatembelewa kibandani. Ataulizwa utalipaje.

Hapa palikuwa na saini ya waziri, na saini hiyo ikatosha.

## Shaka yangu

Kabla sijaenda mbali, kuna shaka ambayo imenikalia muda mrefu, na sitaki kuificha. Kuilaumu benki ya Ulaya ni kimbilio wanalolipenda sana viongozi wetu. Ukitaja mabeberu, ukumbi unapiga makofi, na waliokula nyumbani wanapumua. Je, nikiandika kuhusu Credit Suisse siwasaidii hao?

Ndiyo maana niliisoma kwanza kesi ya Maputo. Iliendeshwa ndani ya hema kwenye eneo la gereza lenye ulinzi mkali, ikirushwa kwenye televisheni, washtakiwa 19. Desemba 2022, watu 11 walitiwa hatiani. Miongoni mwao alikuwemo Ndambi Guebuza, mtoto wa rais mstaafu, aliyepewa miaka 12, pamoja na aliyekuwa mkuu wa usalama wa taifa. Chang naye alikamatwa uwanja wa ndege wa Johannesburg Desemba 2018, akazuiliwa Afrika Kusini kwa miaka huku nchi mbili zikimgombea, hatimaye akapelekwa mahakama ya Brooklyn, New York, na kutiwa hatiani Agosti 2024.

Kwa hiyo walionyumbani wameguswa, si wote, na pengine si wakubwa kuliko wote. Sina neno la kuwatetea. Waliuza sahihi ya nchi yao.

Lakini hapo ndipo shaka yangu ilipoanza kulegea. Chang alifungwa na deni likabaki palepale. Kumfunga aliyesaini hakumwondolei hata senti moja yule ambaye saini iliwekwa kwa jina lake. Haki ya jinai imeshughulika na mikono, na mzigo umebaki kwenye kichwa kilekile.

Rushwa ya kiwango hiki haiwezi kufanyika bila mtu wa kuigeuza kuwa fedha halisi. Waziri mla rushwa asiye na benki ya kumkopesha mabilioni ni mwizi wa bajeti ya mwaka mmoja. Akipata benki, anaiba miaka ambayo bado haijafika, ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

## Kila mmoja ni mwathirika

Benki ilijua nini?

Mwaka 2021 FCA, mamlaka inayosimamia maadili ya masoko ya fedha Uingereza, iliitoza Credit Suisse zaidi ya pauni milioni 147, ikisema benki ilikuwa na taarifa za kutosha kuona kwamba hatari ya rushwa katika mikopo ile haikubaliki. Wafanyakazi wake watatu, Andrew Pearse, Surjan Singh na Detelina Subeva, walikiri makosa mbele ya mahakama ya New York mwaka 2019. Pearse peke yake alikiri kupokea hongo ya walau dola milioni 45.

Nilipofika hapo nilikutana na jambo ambalo sikulitegemea. Sehemu ya hongo ile ililipwa ili mabenka hao waipunguzie Privinvest ada ambayo ingepaswa kuilipa benki. Yaani waliiibia hata Credit Suisse. Na benki haikuchelewa kuitumia hoja hiyo: wafanyakazi wachache walituficha, sisi pia tumedanganywa.

Wawekezaji walionunua hatifungani za EMATUM, yaani karatasi za deni lake zinazouzwa sokoni, walisema wamedanganywa. Benki ikasema imedanganywa. Kila aliyeingia mahakamani aliingia akiwa mwathirika, na kila mmoja alikuwa na mwanasheria wa kulithibitisha hilo.

Mimi hoja ya benki inanigomea kwenye jambo la 2016. Mwaka huo Credit Suisse na VTB zilisimamia ubadilishaji wa hatifungani za EMATUM kuwa hatifungani kamili ya serikali. Pearse alikuwa ameshaondoka siku nyingi. Mkopo wa EMATUM ulikuwa tayari unanuka. Wawekezaji walioombwa wakubali mabadiliko hayo hawakuelezwa ukubwa wa madeni mengine mawili yaliyojificha nyuma yake, na mamlaka za Marekani baadaye ziliihesabia benki kosa hilo. Hapo hatuzungumzii mtu mmoja mwenye tamaa kwenye kona ya ofisi. Tunazungumzia taasisi iliyokaa kimya wakati kimya kilikuwa na faida.

## Brooklyn inahusikaje?

Desemba 2019, Jean Boustani wa Privinvest aliachiwa huru na juri ya Brooklyn. Baadhi ya wajumbe wa juri walieleza baadaye kwamba hawakuona mashtaka yale yalikuwa na uhusiano gani na Brooklyn.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi kuliko nyingine zote.

Maana walikuwa na swali halali. Sheria ambayo Marekani iliitumia inalinda wawekezaji wa Marekani na mfumo wao wa fedha. Kosa lililokuwa mezani ni kwamba mtu aliyenunua karatasi za deni la Msumbiji alielezwa uongo kuhusu karatasi hizo. Mtu wa Palma hakuwa kwenye hati ya mashtaka kwa sababu mtu wa Palma hakununua kitu. Yeye ndiye aliyeuzwa.

Ukilielewa hilo unaelewa kwa nini dola milioni 475 zilikwenda zilikokwenda. Si kwamba kuna mtu alikosea anwani. Msumbiji ilipata kitu katika makubaliano yale ya 2021: Credit Suisse ilikubali kusamehe dola milioni 200 za deni. Lakini hata hapo, benki ilisamehe sehemu ya dai lililotokana na rushwa, na dunia ikaiandika kama msamaha.

## Adhabu juu ya adhabu

Mikopo iliyofichwa ilipoibuka Aprili 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa lilisimamisha mpango wake na wahisani waliokuwa wakichangia bajeti moja kwa moja wakafunga mkono. Kutoka mwanzo wa 2015 hadi mwisho wa 2016 metikali, sarafu ya Msumbiji, ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mbele ya dola. Si kila kitu kilitokana na deni hili, bei za bidhaa zinazouzwa nje nazo zilikuwa zimeanguka. Mfumuko wa bei ulipita asilimia 20. Januari 2017 serikali ikashindwa kulipa riba ya hatifungani.

Sikatai kwamba mhisani ana haki ya kukasirika akidanganywa. Lakini hebu tuangalie nani aliadhibiwa. Fedha za wahisani zilikuwa zinakwenda kwenye zahanati, shule na maji. Waliofunga mikataba hawakuwa wanapanga foleni kwenye zahanati hizo.

Mwaka 2021 CIP, asasi ya kupambana na rushwa ya Maputo, na taasisi ya utafiti ya Chr. Michelsen ya Norway walikadiria kwamba gharama ya kashfa hii kwa uchumi wa Msumbiji ilifika dola bilioni 11, na kwamba karibu watu milioni 2 walisukumwa kwenye umaskini. Deni lenyewe lilikuwa bilioni 2. Kwa hiyo hata kama kila senti ya mkopo ingefutwa kesho, madhara makubwa zaidi yangebaki bila mtu wa kuyalipia.

Tukumbuke pia kilichotokea kaskazini. ProIndicus ilikopewa kwa ajili ya ulinzi wa pwani. Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mji wa pwani, ulishambuliwa, na vita vya Cabo Delgado vikaanza. Siwezi kusema rada na boti zingezuia vita vile. Ninasema tu kwamba watu wa pwani ile wanadaiwa ulinzi ambao hawakuuona.

## Karatasi iliyobatilishwa

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi.

Katiba ya Msumbiji inawaruhusu wananchi 2,000 kuliomba Baraza la Katiba lipime uhalali wa jambo. Asasi za kiraia zilizoungana kufuatilia bajeti zilikusanya saini hizo. CIP ilichapisha fulana zenye maneno ya kukataa kulipa madeni yaliyofichwa, na polisi wakawa wanahangaika na watu waliozivaa. Juni 2019 Baraza likatamka: mkopo wa EMATUM na dhamana yake ni batili. Mei 2020 likatamka hivyohivyo kwa ProIndicus na MAM.

Chombo cha juu kabisa cha kikatiba nchini kimesema deni halipo kisheria. Ungedhani mambo yameisha.

Miezi michache baada ya hukumu ile ya kwanza, serikali ilikamilisha makubaliano na wenye hatifungani iliyozaliwa na EMATUM. Ikatoka hatifungani mpya ya dola milioni 900, inayokwisha 2031, kwa riba ya asilimia 5 mpaka Septemba 2023 na asilimia 9 kuanzia hapo.

Mwanzoni niliuona uamuzi huo kuwa usaliti mtupu. Bado una harufu hiyo. Lakini ukijaribu kukaa upande wa waziri mpya wa fedha, unaona ukuta uliomkabili. Mikataba iko chini ya sheria ya Uingereza. Katiba yako inaheshimika mpaka mpakani kwako. Ukigoma, unashtakiwa London, na soko lote linakusubiri mlangoni siku utakayotaka kukopa tena, tena ukiwa na gesi unayotaka kuichimba kwa fedha za watu. Mwenye hatifungani anasema: mimi nilinunua sokoni, rushwa yenu sikuijua.

Na anaweza kuwa anasema kweli. Hatifungani hubadilisha mikono. Mtu wa mwisho kuishika anaweza kuwa mfuko wa pensheni wa walimu fulani huko mbali. Aliyepata kamisheni siku ya kwanza ameshaondoka na kamisheni yake.

Ndiyo maana naamini dai letu lisielekezwe tu kwa mwenye karatasi wa leo, bali kwa aliyeitengeneza. Benki ya uwekezaji inalipwa pale mkataba unapofungwa. Haibaki kuona kama boti zilivua. Hasara ya baadaye inabebwa na wengine wawili, mnunuzi na mlipakodi, na mmoja wao tu ndiye mwenye mahakama inayomsikiliza.

Msumbiji ilijaribu kuifikisha Credit Suisse kwenye mahakama hiyo. Ilifungua kesi London mwaka 2019. Oktoba 2023, kesi ikiwa ndiyo kwanza inataka kuanza kusikilizwa, UBS, benki nyingine ya Uswisi iliyokuwa imeinunua Credit Suisse, ilimalizana na serikali nje ya mahakama. Kesi dhidi ya Privinvest iliendelea, na Julai 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kampuni hiyo ilimhonga Chang, ikaiamuru ilipe zaidi ya dola milioni 800 pamoja na fidia ya madai mengine yatakayojitokeza. Ushindi mkubwa, siudharau. Lakini benki haikusimama kizimbani kujibu maswali ya wakili wa Msumbiji.

## Na sisi

Watanzania tusilitazame hili kwa mbali. Hatifungani yetu ya dola milioni 600 ilipoandaliwa na Standard Bank pamoja na Stanbic Tanzania, dola milioni 6 zililipwa Machi 2013 kwa kampuni ya hapa nyumbani ambayo hakuna ushahidi kwamba ilifanya kazi ya maana. Ada iliyobebeshwa serikali ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi 2.4.

Novemba 2015 mahakama ya London iliidhinisha makubaliano ya kwanza ya aina yake Uingereza, ya kuahirisha mashtaka kwa masharti. Benki ilikubali kulipa adhabu ya dola milioni 16.8, kurudisha faida ya milioni 8.4, na kuilipa Tanzania milioni 6 na riba yake, jumla kama milioni 7.

Milioni 7 zilirudi kwetu. Milioni 25.2 zilibaki kwao.

Bado naishika kesi hiyo kwa mikono miwili, kwa sababu inathibitisha kitu. Hakimu wa London aliiona Tanzania. Aliitaja kuwa ndiyo iliyopunjwa, akahesabu ilichopunjwa, akaweka riba juu yake. Kumbe inawezekana. Kwa Msumbiji, ambako maumivu yalikuwa makubwa maradufu na zaidi, mamlaka za Marekani na Uingereza zingeweza kuiga angalau hatua hiyo: sehemu kubwa ya adhabu iende kwanza nchi iliyobebeshwa deni, ndipo hazina zao zichukue chao.

Najua swali linalofuata, maana mimi mwenyewe limeninyima usingizi. Zirudi kwa nani? Kwa wizara ileile? Hapana. Zikirudi, ziandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, mstari wake, zikaguliwe hadharani, na asasi zilizokusanya zile saini 2,000 ziwe na kiti kwenye meza ya kuzipanga. Walioonyesha uchungu na nchi tunawajua.

Na bunge la Uingereza lisiseme mikono yake imefungwa. Mwaka 2010 lilipitisha sheria ya kuwazuia wadai kudai kupita kiasi madeni ya zamani ya nchi maskini zilizopewa nafuu. Kama liliweza kuyagusa madeni ya zamani, linaweza kutamka pia kwamba dhamana ya serikali iliyotolewa kinyume cha katiba ya nchi husika, na benki ikiwa na kila nafasi ya kujua, haidaiwi katika mahakama za London. Sheria hiyo ingempa karani wa mikopo sababu ya kuuliza, kabla hajatuma bilioni yoyote, kama wabunge wamepiga kura.

Kwetu hatuhitaji kusubiri London. Kila mkopo wa nje unaosainiwa kwa jina letu una dalali wake, mshauri wake na ada yake. Mbunge wako akirudi jimboni, muulize majina yao na asilimia waliyolipwa. Muulize aliyaona lini, kabla au baada ya kusainiwa.